Mafunzo kwa vitendo huwa kiangazi, mafuriko huja masika: wanafunzi tufanye nini kitakachobaki?

Mpangamji_MwakaWaTatu

Nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mipango miji katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam. Mwezi Julai, tukishamaliza mitihani, wanafunzi tisa wa kundi letu tutapelekwa kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika mtaa mmoja ulio kandokando ya Mto Msimbazi, na msimamizi wetu ametukubalia kwamba, mbali na ripoti tutakayoiandika kwa ajili ya alama, tufanye jambo moja litakalowafaa wakazi wenyewe. Mpaka sasa yametajwa mambo matatu: kuchora ramani ya mitaro, kuzibua mtaro mkubwa kwa kushirikiana na vijana wa mtaa, na kuunda kikundi cha mazingira.

Kinachonikosesha raha ni kalenda. Julai hadi Septemba ni kiangazi, na mtaro uliokauka haumtishi mtu; watoto hucheza mpira ndani yake. Mvua za vuli zikianza Oktoba, sisi tunarudi madarasani. Za masika zikifika, kati ya Machi na Mei, tuko katikati ya muhula wa pili na kutoka chuoni ni kwa shida. Kwa hiyo tunakuwapo mtaani wakati ambao wakazi hawatuhitaji sana, na maji yanapoingia vyumbani mwao sisi hatupo.

Jambo hili limekwisha kunipata. Mwaka jana, katika mtaa mwingine, kundi letu lilipanda miche ya miti ukingoni mwa mto mwezi Agosti. Tuliimwagilia kwa wiki tano kwa maji tuliyopewa na baba mmoja mwenye kisima, tukapiga picha, tukaondoka. Niliporudi Januari sikukuta hata mche mmoja, na yule baba alinikaribisha kwa ukarimu uleule wa mwanzo, jambo lililoniumiza kuliko kama angenigombeza. Sitaki kuwafanyia watu wengine hivyo.

Naomba mawazo ya wanafunzi mliotutangulia, walimu mnaosimamia kazi za namna hii, na hata wakazi ambao mmewahi kupokea wanafunzi: ni jambo gani linaloweza kufanywa kiangazi, kwa wiki nane na kwa fedha kidogo, likaendelea kufanya kazi mvua zikianza?

Mhitimu_wa_Ramani

Ndugu yangu, kalenda uliyoieleza ilitutesa na sisi, lakini kwa upande mmoja inaweza kuwasaidia. Nitaeleza.

Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi walioshiriki kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 kwa kuwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata zinazofurika, ili wachore pamoja ramani za kata hizo na kuziweka katika OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa Tandale mwaka 2011. Mafuriko ya Desemba mwaka huohuo, yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini, yaliwaonyesha wengi kwamba ni vigumu kupanga uokoaji au ujenzi wa mifereji mahali ambapo kwenye ramani hapana nyumba wala njia, ilhali wanaishi maelfu ya watu.

Sasa nije kwenye swali. Kiangazi ndicho kipindi bora cha kupima mitaro, kwa sababu unaweza kushuka ndani yake. Pimeni upana na kina. Andikeni kama umejengwa kwa zege au kwa mawe, au kama ni udongo mtupu. Andikeni palipoziba na kilichoziba. Kisha ufuateni mpaka unapoishia. Hili la mwisho nawasihi msiliache hata mkichoka. Mitaro kadhaa tuliyoifuata haikufika mtoni kabisa. Mmoja uliishia kwenye ukuta wa nyumba iliyojengwa miaka mingi baada ya mtaro, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakigeuka na kuingia uchochoro mzima. Wakazi wa juu walijua kwamba maji yanawaondokea, wa chini walijua kwamba yanawafikia, lakini hapakuwa na karatasi moja iliyoyaonyesha yote mawili, na kila upande ulikuwa ukiulaumu upande wa pili kwa kutupa taka.

Maji yenyewe hamtayakuta Julai, ila mtakuta alama zake ukutani na katika kumbukumbu za watu. Katika kundi letu tulikuwa tukiuliza kila nyumba maji yalifika wapi mwilini: kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua. Mtu hakumbuki sentimita, lakini hasahau siku maji yalipomfika kiunoni akiwa amembeba mtoto. Waulizeni hasa wale wanaoshinda nyumbani, kwa kuwa wao hujua maji yaliingia kutokea upande gani na yalichukua muda gani kupanda. Andikeni pia majina ya mahali kama watu wanavyoyatamka. Uchochoro unaoitwa "kwa muuza mkaa" ukiupa namba, mtu anayeomba msaada usiku hataweza kukueleza yuko wapi.

Kosa tulilolifanya ni kudhani kwamba ramani ikishakuwa kwenye intaneti imewafikia wakazi. Ofisi ya serikali ya mtaa tuliyofanya nayo kazi haikuwa na kompyuta. Miezi mingi baadaye mwenzetu mmoja alichapisha ramani ile kwenye karatasi kubwa, akaifunika kwa plastiki na kuibandika kwenye ukuta wa ofisi, na siku hiyohiyo watu walianza kuisogelea, kuweka kidole kwenye nyumba zao na kutusahihisha. Tengeni fedha za kuchapa tangu sasa, hata kama itabidi mpunguze nauli na fulana.

Bi_Kamati_Bondeni

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kutuuliza kabla hamjaja, kwa sababu wengi huuliza wakiwa wamekwisha kuleta dodoso.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa na nimeishi bondeni tangu mwaka 1988. Huyu kijana wa ramani amesema vizuri, lakini lipo jambo ambalo hamtaliona kwenye karatasi zenu. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni zilipakwa alama ya X nyekundu, kisha bomoabomoa ikaanza. Baada ya mafuriko ya 2011 wengine walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Mabwepande, mbali na shughuli zao. Tangu wakati huo, kijana akipita uchochoroni na karatasi akihesabu nyumba, watu hufunga milango, nao wana haki. Na sasa kwa kuwa upo mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na wenzetu wa maeneo mengine wamekwisha kulipwa fidia na kuondoka, hofu hiyo haijapungua. Kila mtu anataka kujua mpaka unapita wapi.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza uwe wa kujibu swali moja ambalo hakika mtaulizwa: je, ramani hii itatumika kutuhamisha? Msiahidi msichoweza kukitimiza. Semeni waziwazi mnachukua nini na hamchukui nini. Kwa maoni yangu pimeni mitaro, njia na vimo vya maji, na majina ya wenye nyumba msiyaandike kabisa.

Kuhusu kuzibua mtaro, nawaomba mnisikilize, maana nimeuona ukizibuliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vijana huja na mabeleshi, hutoa tope na mifuko na magodoro, wakalilundika lote kandokando, wakapigwa picha. Lile tope hukauka pale pale, watoto hulichezea, na mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Kabla hamjashika beleshi, hakikisheni mmejua ni gari gani litakalolibeba, litakuja siku gani na nani atalipa mafuta. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, kwa hiyo ombi la gari mlipeleke kwa mtendaji wa kata mapema, kwa barua, mkiitaja siku hiyo. Na msizibue Julai. Mtaro uliozibuliwa Julai utakuwa umekwisha kujaa taka Oktoba. Pimeni Julai na Agosti, kisha rudini Jumamosi ya mwisho ya Septemba, hata kama mafunzo yenu yamekwisha. Nauli ya siku moja si kubwa.

Nitasema na jingine ambalo wageni huona haya kulitaja. Mvua kubwa inapoanza, wako watu wanaotapisha vyoo vyao ili maji ya mafuriko yabebe uchafu, kwa sababu kuleta gari la kunyonya kwenye uchochoro usiopitika ni ghali au haiwezekani. Uchafu huo huingia chumbani kwa jirani wa chini, kwenye ndoo na kwenye masufuria, na ndiyo maana baada ya mafuriko tunaogopa kipindupindu kuliko tunavyoyaogopa maji. Mkinionyesha kwenye ramani ni vyoo vya sehemu gani ambavyo gari au hata mkokoteni wa kunyonya unaweza kuvifikia na vipi haviwezi kufikiwa, mtakuwa mmetusaidia kuliko kikundi chochote cha mazingira.

Mwalimu_Msimamizi

Nimesimamia wanafunzi katika mafunzo kwa vitendo kwa miaka kumi na minne, na maneno ya Bi Kamati nitayasoma darasani akiniruhusu. Naomba niongeze upande wa chuo, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo aliloeleza kijana wetu tunalitengeneza sisi walimu.

Mwanafunzi hupata alama kwa ripoti. Ripoti huwasilishwa Oktoba. Kile ambacho kingeonyesha kama kazi yake ilifaa hutokea Aprili, na hakuna mwalimu anayekitolea hata alama moja. Tukiendelea kupima namna hiyo tusishangae tukipata ripoti nzuri na mitaro iliyoziba. Katika idara yangu tulijaribu jambo dogo: sehemu ya alama za kazi ya mradi ya mwaka wa nne ilitolewa kwa kurejea mahali palepale baada ya masika na kuandika kilichobaki, kilichokufa na sababu zake. Mwanzoni wanafunzi walidhani ni adhabu. Nilichokiona ni kwamba wale waliojua kwamba watarudi walichagua kazi ndogo zaidi na za busara zaidi.

Wala wazo la msomi kujifunza kwa wakazi si jipya kwetu. Mwaka 1975, katika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, watafiti wa Tanzania na wa Finland, akiwemo Marja-Liisa Swantz, walifanya kazi na wanavijiji wakiwahesabu kuwa watafiti wenzao, na utafiti shirikishi tunaoufundisha leo ulikua kwa sehemu kutokana na kazi za aina ile hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, na tatizo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni likaigizwa na kujadiliwa hadharani na wanakijiji wenyewe. Walimu haohao ndio walioanzisha Tuseme mwaka 1996, mpango wa kuwawezesha wasichana wa sekondari kutamka matatizo yao na kuyatafutia njia.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza vipindi vya redio na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini viongozi wa vikundi walikuwa watu wa palepale, waliofundishwa mapema, na redio iliponyamaza wao walibaki. Ndiyo sababu nasema kwamba katika wiki zenu nane, wiki mbili nzima ziwe za kuwafundisha watu watatu au wanne wa mtaa kuipima mitaro na kuirekebisha ramani bila ninyi. Mkiona muda hautoshi, punguzeni eneo la ramani.

Kuhusu kikundi kipya cha mazingira siungi mkono. Kila kundi la wanafunzi likija linaanzisha kikundi, na mtaani kuna mabaki ya vikundi vyenye katiba na mihuri lakini havina wanachama. Tafuteni vilivyopo: wazoa taka wa maguta, mama lishe wanaopika karibu na mtaro, vijana wa kuosha magari. Hawa wana sababu ya kila siku ya kutaka mtaro upitishe maji. Kama wazoa taka wanahitaji mtaji, wasaidieni kuandika andiko la kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo kati yake 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Fomu hizo huwashinda watu wengi wenye uwezo wa kazi, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuzijaza pamoja nao kwa siku tatu.

Mwalimu_wa_Afya_Eldoret

Salamu kutoka Eldoret. Nachangia kwa ufupi kuhusu hili la kurudi.

Katika Chuo Kikuu cha Moi, mafunzo ya udaktari yameambatana na mafunzo katika jamii tangu wanafunzi wa kwanza walipopokelewa mwaka 1990. Mwanafunzi hapelekwi mashinani mara moja tu. Huenda kwa awamu, kila mwaka na kazi yake: kwanza kuifahamu jamii, kisha kuchunguza hali ya afya yake, baadaye kupanga utafiti na kuufanya, na mwishoni kufanya kazi katika huduma za afya za wilaya. Faida ninayoiona ni kwamba awamu ya kwanza haimdai mwanafunzi alete suluhisho. Anaruhusiwa kusikiliza tu. Nadhani wanafunzi wa mipango miji nao wangepata nafuu kubwa kama mwaka wa kwanza wangetembea mtaani na wazee wa mtaa bila kutakiwa kubuni chochote.

Kama chuo chenu hakina utaratibu huo, utengenezeni wenyewe: waombeni wanafunzi wawili wa mwaka wa pili waambatane nanyi Julai hii, wajulikane na wakazi, ili mwaka ujao wao ndio wawe wenyeji wa kundi jipya. Sisi hapa tumeona jamii ikichoka kujieleza upya kwa kila mgeni, na uchovu huo huwafanya watu watoe majibu wanayodhani mgeni anataka kuyasikia.

Mpangamji_MwakaWaTatu

Ahsanteni sana. Shikamoo Bi Kamati, na ahsante mwalimu. Nimewasomea wenzangu majibu yote jana usiku na tumekaa hadi saa sita.

Tumeacha wazo la kikundi, na tumeacha pia kuzibua mtaro Julai. Tutaipima mitaro ya nusu ya mtaa tu, ile inayoanzia barabara ya lami hadi mtoni, tukiwa na wakazi watatu ambao mkutano wa mtaa utawachagua, si sisi. Vimo vya maji tutaviandika kwa mwili, kama alivyoeleza mhitimu. Suala la vyoo na magari ya kunyonya hatukuwa tumelifikiria hata kidogo, na mwenzetu mmoja ameomba liwe kazi yake ya mradi wa mwaka wa nne, jambo ambalo litamlazimu kurudi. Wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wamekubali kuja kwa nauli ambayo tutawachangia. Fedha tulizotaka kununulia fulana zitachapa ramani mbili kubwa: moja ya ofisi ya mtaa, na nyingine ya mahali ambapo wakazi watatuelekeza.

Limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana. Baadhi yetu wanaona ramani iwekwe wazi kwenye intaneti kama zilivyo za Ramani Huria, kwa kuwa waokoaji na manispaa wataihitaji. Wengine, baada ya kusoma habari ya alama za X, wanaona ibaki karatasi tu. Bi Kamati, wewe ungependa tufanyeje?

Mhitimu_wa_Ramani

Naomba nitangulie kidogo. Nyumba na mitaro ya maeneo mengi ya bonde tayari imo kwenye OpenStreetMap, kwa hiyo kuficha nyumba hakutamlinda mtu. Kilicho kipya katika kazi yenu ni vimo vya maji kwa kila nyumba na hali ya vyoo. Hivyo viwili ndivyo nisingeviweka wazi bila idhini, na kama vitawekwa, viwe kwa uchochoro mzima badala ya nyumba mojamoja.

Bi_Kamati_Bondeni

Mwanangu, hilo si la kunijibisha mimi peke yangu. Nilichaguliwa kuingia kwenye kamati, lakini nyumba za watu si zangu. Mlilete kwenye mkutano mkuu wa mtaa kabla hamjapima hata mtaro mmoja, mlieleze kama huyu mwenzenu alivyolieleza sasa hivi, na watu wapige kura. Mimi nitasema mbele yao kwamba vimo vya maji viwekwe wazi, kwa sababu mwaka wa maji makubwa waliokuja kutuokoa walianzia nyumba zilizo karibu na barabara, kumbe waliokuwa wamezama ni wa ndani. Vyoo visiwekwe. Lakini naweza kushindwa kwenye kura, na mkubali kufuata kitakachoamuliwa.

Mkutano usiwe asubuhi, maana wanawake wengi wako sokoni na wanaume vibaruani. Jumapili saa kumi jioni watu hupatikana, uwanja wa mbele ya ofisi, na viti tutaazima msikitini. Barua yenu ifike kwa mtendaji wa mtaa wiki mbili kabla, ikiwa na namba ya simu ya msimamizi wenu, na mje nayo ninyi wenyewe badala ya kuituma kwa mtu.